Nyanya Aliyekufa kwa Kiingereza

Nianze kwa kuungama, kwa sababu padri wa shule yetu anasema dhambi ikitajwa hupungua uzito, nami nataka kuona kama ni kweli. Nilimuua nyanya yangu. Nilimuua Jumapili mchana, tumbo likiwa limejaa githeri, kwa kalamu ya wino na karatasi niliyochana katikati ya daftari la hesabu. Yeye wakati huo alikuwa kwake Ruiru, mzima kabisa, pengine akifukuza kuku wasile unga. Hakujua kwamba amekufa. Alikuja kujua siku nne baadaye, akacheka mpaka akashikilia mlango.

Ngoja nikueleze pole pole, rafiki yangu, usinikimbie.

Wiki iliyopita mwalimu wetu mpya wa Kiingereza, kijana wa Kizungu mwenye magoti mekundu, aliandika neno moja ubaoni: weary. Akageuka, akauliza ni nani analijua. Darasa zima likanigeukia. Mimi ndiye kijana wa maneno yasiyo na kazi. Mimi ndiye niliyemwambia mpishi wa bweni, kwa Kiingereza, kwamba uji wake una huzuni, naye akadhani ninamsifu, akaniongezea. Walingoja niwachekeshe. Mimi nikatazama dirishani. Jirani yangu wa dawati akanisukuma kwa kiwiko.

"Wewe, leo umemeza nini?"

Najua mtu wa miaka kumi na saba hana haki ya kusema "siku zile". Ndevu zenyewe ni tatu, na moja ina mashaka. Lakini neno lile lilipokaa pale ubaoni nilisikia harufu ya maganda ya kahawa yanayooza, nikaona mlango wa nyumba yetu na mama ameketi pale, nikajua kwamba siku zile zimekwisha kuwa zile.

Tulikaa kambini, katika shamba la kahawa mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Thika mjini. Kambi ilikuwa mistari miwili ya vinyumba vya duara vilivyopakwa chokaa, vyote sawasawa, hata mlevi alihitaji msaada kutambua chake. Kabla jua halijatoka nyapara aligonga kipande cha reli kilichoning'inia kwenye mti karibu na stoo. Hata leo nikisikia chuma kikigonga chuma, miguu yangu inatafuta viatu ambavyo wakati ule sikuwa navyo. Mama aliamka kabla ya reli. Aliwasha moto, akapika uji, akafunika wangu kwa sahani, akajifunga gunia kuukuu kiunoni, akachukua kikapu, akaenda kwenye mistari ya kahawa pamoja na wanawake wengine, ukungu ukiwameza mmoja mmoja. Jioni alirudi vidole vikiwa vyeusi kwa utomvu wa kahawa, vinanata, ngozi imepasuka kwenye kila kiungo. Alikaa kizingitini na kunyoosha miguu mbele yake. Hakusema neno mpaka maji yachemke. Nilizoea kumwona hivyo kama unavyozoea mawe matatu ya jiko. Baba alikuwa mbali, nyuma ya seng'enge za serikali, mahali ambapo hatukupataja mbele ya watu. Wengi kambini walikuwa na baba wa namna hiyo miaka ile.

Mimi kazi yangu ilikuwa kuteka maji, kutafuta kuni, na kwenda shule kusumbua.

Mwalimu wetu wa siku zile alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye suruali moja na Kiingereza kingi. Alikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine. Mwanzo wa muhula alimpa kila mwanafunzi neno moja la Kiingereza, limeandikwa kwenye kipande cha karatasi ya mfuko wa saruji, akae nalo mpaka likizo. "Neno ni kama mbuzi," alisema. "Usipolilisha litakufia mkononi." Kulilisha ni kulitafuta katika vitabu vya kabati la shule, kunakili kila sentensi linamopita, kuangalia linatembea na nani na saa ngapi. Wengine walipewa maneno ya ushujaa. Rafiki yangu alipewa neno la kuku. Mimi, kwa kuwa nilipiga miayo wakati wa kugawa, nilipewa weary.

"Maana yake ni kuchoka," mwalimu akasema. "Lakini si kuchoka kwa kawaida. Tired ni neno la jikoni. Weary ni la sebuleni. Mtu wa tired analala, kesho anaamka. Mtu wa weary anakaa juu ya jiwe na kutazama jua likizama."

"Na jua likishazama, mwalimu?"

"Toka nje."

Nilimlisha mbuzi wangu, usiniulize. Nilisema baiskeli ya mwalimu mkuu ni weary, nikachapwa viboko viwili. Nilisema kofia ya nyapara ni weary, nikakimbizwa mpaka mtoni. Na vitabuni nililifuata kila mahali. Nililikuta na msafiri, nikalikuta na mkulima wa plau, na askari mzee, na farasi. Wote lilikuwa linawapata jioni. Kwa wote kulikuwa na kengele ya kanisa inayolia kwa mbali. Wote waliweka mzigo chini, wakasema kitu kizuri, na kabla hujageuza ukurasa walikuwa wamekufa. Hata farasi, isipokuwa yeye hakusema kitu. Nilitafuta mtu mmoja tu aliyekuwa weary asubuhi halafu akaenda kazini, sikumpata. Nilitafuta mwanamke, sikumpata. Hakuna aliyekuwa weary huku anapika.

Ilikuwa katikati ya mavuno. Mama alikuwa hajamwona mama yake karibu mwaka mzima. Ruiru si mbali. Treni inafika kabla hujamaliza kutafuna muwa. Lakini miaka ile watu wetu hawakutoka Thika kwenda Ruiru bila karatasi yenye muhuri. Karatasi ilitoka kwa bwana meneja, na kwa meneja barua zilipitia kwa karani, na karani alikuwa na jiwe juu ya meza yake. Barua ya Kiswahili au ya Kikuyu iliwekwa chini ya jiwe, na chini ya jiwe ndiko ilikozeekea. Ya Kiingereza tu ndiyo ilipanda ngazi za ofisi. Kwa hiyo nyumba yenye mtoto wa shule ilikuwa kama ina wakili, ingawa wakili mwenyewe alikuwa na kamasi.

Jumapili ile mama alikuwa akichagua maharagwe kwenye ungo.

"Chukua kalamu," akaniambia. "Andika."

"Niandike nini, mama?"

"Andika nimechoka. Nimechuma tangu mwezi wa tisa, sijakosa hata siku moja. Mama yangu ni mzee, nataka siku mbili nikamwone. Basi."

"Basi tu?"

"Kwani kuna nini kingine?"

Akaendelea kutoa mawe kwenye maharagwe. Mimi nikatazama karatasi. Nimechoka! Nani atapanda ngazi za ofisi na neno kama hilo? Kambi nzima ilikuwa imechoka. Hata ile reli ilikuwa imechoka kwa kugongwa. Nami nilikuwa na mbuzi wangu, nimemlisha wiki saba, amenona, hakuna aliyewahi kumwomba nyama. Nikaandika weary. Ila mama hakuenea ndani yake. Vitabu havikuwa vimenionyesha mtu wa weary mwenye gunia kiunoni, aliyechuchumaa mbele ya maharagwe. Alitakiwa mzee, aliyeketi, mbele ya jua.

Basi nikamchukua nyanya. Nikamkalisha juu ya jiwe mlangoni pake. Nikalizamisha jua nyuma ya milima. Nikapiga kengele, ingawa kengele ya karibu kwa nyanya ilikuwa kipande kingine cha reli. Nikamfanya aseme kwa sauti dhaifu, "I am weary, my children," na kikapu kikamteleza mkononi. Sasa niambie wewe, ningefanya nini? Kila mtu niliyemkuta katika hali hiyo vitabuni alikufa. Nisingeweza kumwacha amekaa tu pale. Nikamuua kwa sentensi fupi, nzuri sana, mpaka mimi mwenyewe machozi yakanilenga.

"Umemaliza?" mama akauliza. "Umeandika nimechoka?"

"Nimeandika vizuri zaidi."

Mama hakujua kusoma. Nikampaka wino kidole gumba, kile kilichopasuka kwa kahawa, naye akakibonyeza chini ya kifo cha mama yake.

Jumatano nikirudi kutoka shule nilisikia nyimbo za kanisani. Nikadhani ni kwa jirani, maana mzee wa nyumba ya tatu alikuwa akikohoa tangu Oktoba. Lakini watu walikuwa mlangoni kwetu. Wanawake wa kambi walikuwa wameleta kuni, mitungi ya maji na sufuria za uji, kama ilivyo desturi yetu, kwa sababu nyumba iliyofiwa haijipikii. Katikati ya mavuno! Nyapara mwenyewe alikuwepo, ameshika kofia mkononi, kichwa chake kina upara ambao hatukuwa tumeujua. Ndani, mama alikuwa chini sakafuni, amejifunika leso kichwani, anatoa sauti ambayo sijapata kuisikia kwa mtu wala mnyama.

Walinieleza baadaye. Karani alikuwa ameenda kumtafuta kwenye mistari ya kahawa, karatasi mkononi, akamwambia mbele ya wenzake wote: "Pole, mama. Bwana amesikia habari ya mama yako. Amekupa siku tatu. Hata amesoma barua mara mbili, akapenga kamasi." Mama akauliza habari gani. Karani, ambaye siku hiyo alikuwa na adabu, akasema: "Ya kufariki." Na mama akaamini. Kwa nini asiamini? Miaka ile kila habari mbaya ilitufikia kwa kupitia ofisini. Alikaa chini palepale, na kahawa yake yote ikamwagika.

Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Nilikuwa nimemfikiria meneja, na mwalimu, na jinsi mbuzi wangu atakavyosifiwa. Nikapenya katikati ya magoti ya watu mpaka nikamfikia, nikaingiza mdomo ndani ya leso.

"Mama. Nyanya hajafa. Ni barua. Ni mimi niliandika hivyo."

Sauti ikakatika. Ilikatika ghafla hivi kwamba wanawake walidhani amezirai, wakaanza kumpepea. Kisha chini ya leso nikaona jicho moja, limevimba, linanitazama. Nikangoja kofi. Kofi halikuja, halingeweza kuja. Kuni zilikuwa zimekwisha kushushwa mlangoni. Memsabu wa meneja alikuwa ameleta maua kutoka bustani yake, yamefungwa kwa gazeti. Karatasi ilikuwa na muhuri. Kama angenyanyuka akasema "jamani, mtoto wangu amedanganya," kesho yake tungekuwa barabarani na sufuria zetu, kwa kuwa nyumba za kambi zilikuwa za shamba, na shamba halikupenda waongo wengine zaidi ya lenyewe. Mama akajifunika tena. Akaanza kulia upya, kwa sauti ya chini, na kilio kile cha pili sijui hata leo kilikuwa cha nini.

Kesho yake tukapanda treni. Alikaa dirishani, maua mapajani, hanitazami. Nikajaribu mzaha, si unanijua.

"Angalau nyanya atayaona maua yake mwenyewe. Wengi hawapati hiyo bahati."

Mama akatazama migomba inayopita.

Nyanya alikuwa amekaa mlangoni anamenya ndizi. Mama akamkumbatia, hakumwachia, mpaka nyanya akaogopa.

"Kwani nani amekufa?"

"Muulize mjukuu wako," mama akasema, akaingia ndani.

Nikamweleza nimeinamisha kichwa. Nilipofika mwisho nikasikia kitu kama kikohozi, nikatazama, nyanya ameshikilia mlango anacheka, hana pumzi, meno yake matatu yote yako nje.

"Nimekufa kwa Kiingereza! Mimi ambaye sijui hata kuamkia Mzungu! Na nilikufa vizuri?"

"Vizuri sana, cucu. Ulikuwa umeketi juu ya jiwe."

"Jiwe gani? Unaona jiwe hapa?"

"Jiwe la vitabuni."

"Na nilikuwa nimevaa nini?"

Sikuwa nimemvika kitu.

"Wui! Umeniacha nife uchi mbele ya Mzungu! Mtoto wewe huna aibu!"

Alitaka kujua neno lenyewe. Nikamfundisha. Siku zile tatu hatukusikia kitu kingine, alifukuza kuku akipiga kelele "tokeni, mimi ni wiiri!" Alikoroga sufuria akaimba wiiri, wiiri. Akasema ni neno laini, linateleza mdomoni kama uji. Kuhusu maua, aliuliza kama yanapikwa na chumvi au bila, na kabla hatujakubaliana mbuzi wake alikuwa amemaliza mjadala. Tulikula njahi, yale maharagwe meusi ya kwetu, tukala viazi vitamu vilivyochomwa kwenye majivu mpaka ganda likawa kama gamba la mti na ndani asali. Tulikunywa uji uliochachuka kwenye kibuyu. Sijala hivyo tena.

Na mama alilala. Siku ya kwanza yote alilala kwenye kitanda cha mama yake, mchana, mlango wazi, mdomo wazi, mikono imeachwa juu ya blanketi la buluu, viganja vikitazama juu, vyeusi. Sikuwa nimewahi kumwona mama amelala mchana. Ilinichekesha jinsi anavyokoroma, nikaanza kumwigiza. Nyanya, ambaye alikuwa amekaa kando yake akimfukuzia nzi kwa ncha ya leso, akanishika sikio. Hakuwa anacheka.

"Nyamaza. Mwache."

Neno langu lilikuwa pale mbele yangu limelala linakoroma, na sikulitambua.

Tulirudi kambini kama wafiwa. Watu walimpa mama pole mpaka Krismasi, naye akamshukuru kila mmoja. Hakunichapa. Hakusema lolote juu ya barua ile, si njiani, si nyumbani, si siku ile niliyovunja mtungi na kumpa sababu. Mwisho wa muhula mwalimu alisoma sentensi zangu mbele ya darasa, akasema mbuzi huyu amenona kuliko wote. Nilifika nyumbani na habari hiyo, mama akasema "vizuri", akaendelea kupuliza moto.

Nyanya alikufa Agosti ya mwaka uliofuata. Alikufa kweli, usingizini, hakuna jiwe wala jua. Shule ilikuwa imefungwa, kuna baridi ile ya manyunyu inayoingia mifupani. Mama mmoja aliyeuza mboga za sukuma alituletea habari asubuhi, akasema mazishi ni kesho mchana. Mama akavua gunia, akajifunga leso, akaenda ofisini. Nikamfuata.

Karani akafungua mtoto wa meza. Barua yangu ilikuwa pale, imebanwa kwa pini, muhuri juu yake. Niliyatambua maandishi yangu nikiwa mlangoni.

"Mama, wewe uko na mama wangapi?"

"Mmoja."

"Huyo mmoja alikufa Novemba. Iko hapa. Bwana akakupa siku tatu. Memsabu akatoa maua. Sasa alifufuka, akakaa kidogo, akaona akufe tena?"

Wanaume wawili waliokuwa wakingoja kwenye benchi walicheka. Sikuwalaumu. Kama ingekuwa ya mtu mwingine, mimi ndiye ningeicheka zaidi.

Mama alisimama tu. Kusema ukweli ilikuwa kupoteza nyumba, na hatukuwa na nyingine ya kumngojea baba. Nikamvuta leso, nikamtoa nje mpaka nyuma ya ukuta wa stoo. Kichwa changu kilikuwa kinafanya kazi upesi, kama kawaida yake.

"Mama, tuseme ni mama mdogo. Tuseme babu alikuwa na wake wawili. Karani ni mtu wetu, anajua mke mwingine wa baba ni mama pia, na anazikwa. Nitaiandika sasa hivi. Kwa Kiingereza."

Ilikuwa hila nzuri. Ingepita. Mpaka leo naamini ingepita. Mama alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka alinitoa wapi.

"Huyo ndiye alinizaa," akasema. "Simwiti mama mdogo ili nipate karatasi."

Akaenda kuchukua jembe.

Nikaenda mimi. Watoto wadogo hawakuulizwa karatasi, na mimi bado nilikuwa mdogo wa umbo. Nilifuatana na yule mama wa sukuma. Ruiru walimngojea mama mpaka mchana ukapita, kisha mvua ikatishia, wakaniambia nimwage ule udongo ambao mama angeumwaga. Nikamwaga. Katekista akasema maneno yake. Hakukuwa na maua. Mbuzi alikuwa amefungwa nyuma ya nyumba, analia kwa sababu hakuna aliyemlisha siku hiyo, na nilijikuta natafuta kichwani neno moja la Kiingereza la kusema juu ya kaburi lile, hata moja tu, mimi kijana wa maneno. Halikuja.

Siku iliyofuata nilifika kambini mchana. Mama alikuwa shambani na wenzake, wanapalilia. Na hapo ndipo nilipoona jambo la mwisho ambalo sikuwa nimelifikiria. Hapakuwa na kuni mlangoni kwetu. Hakuna aliyeleta maji wala uji. Wangeletaje? Walikuwa wamekwisha kumlilia mama yake Novemba. Walikuwa wamekwisha kuimba beti zote. Mwanamke wa kulia kwake alikuwa anasimulia habari ya kuku wake aliyepotea, wa kushoto anacheka, na katikati yao mama anainua jembe, anashusha, anainua, uso mkavu, kwa sababu machozi ya mama yake yalikuwa yametumika yote, na ni mimi niliyeyatumia.

Nikasimama mbele ya mstari wake, udongo wa Ruiru ungali kwenye vidole vyangu vya miguu. Aliniuliza kwa sauti ya chini, bila kusimama.

"Walimfunika na lile blanketi la buluu?"

"Ndiyo, mama."

"Udongo wangu aliumwaga nani?"

"Mimi."

Akaitikia kwa kichwa.

Siku hizi mambo yamebadilika. Mwalimu wa mbuzi alihamishwa, sijui ni nani anayelisha maneno yake sasa. Karani ameondoka na jiwe lake. Nilipopita likizo iliyopita nilikuta kijana mwenye mashine ya kupiga chapa, hana adabu wala utovu wa adabu, anapiga tu. Kipande cha reli kimebaki ila kimeanguka, watoto wanakikalia. Nyumba ya nyanya imeingiliwa na watu wengine, wamepanda vitunguu pale alipokuwa akimenya ndizi. Na kwenda Ruiru hakuna tena anayekuuliza karatasi. Unaweza kwenda hata kesho, hata sasa hivi, treni ni ileile. Sina wa kumwendea.

Kule darasani, nilipokataa kujibu, mwenzangu mmoja alisema weary ni sawa na tired. Mwalimu wa magoti mekundu akasema ndiyo, lakini lina ushairi zaidi, tuandike sentensi. Kila mtu akaandika msafiri na jua linalozama, nilichungulia, wote. Mimi nikaandika kwamba mama yangu aliamka, akapika uji, akajifunga gunia, akaenda kazini, naye alikuwa weary. Akanirudishia na alama ya swali kwa wino mwekundu. Sikumweleza.

Ila wewe unanidai maelezo, maana nilianza na kuungama. Siku ile shambani nilimfuata mama mpaka mwisho wa mstari, mahali ambapo wenzake hawakuweza kusikia. Nikamwambia, "Mama, nisamehe." Akasimamisha jembe. Akashika kiuno kwa mkono mmoja, akanyoosha mgongo taratibu kama mtu anayefungua kitu kilichokwama. Hakuwa na hasira. Nafikiri hasira ingemhitaji awe na nguvu. Akanitazama, akasema hivi, sijaongeza wala kupunguza:

"Nilikwambia uandike nimechoka. Ukaona halitoshi."